Dhahabu ya Kilwa ndani ya kabati la kioo: niliyoyaona Lisbon, Sevilla na Córdoba

Mleta uzi

Ndugu zangu wa jukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Kilwa, na kwa miaka kumi na tisa nimefundisha mada ya kuja kwa Wareno pwani ya Afrika Mashariki kwa kutumia ubao, chaki na magofu ambayo wanafunzi wangu huyaona kila siku ng'ambo ya maji. Oktoba mwaka jana nilijaliwa kufika huko walikotoka Wareno hao. Mdogo wangu wa kike, ambaye ameolewa na anaishi viungani mwa Lisbon, alinialika kwake kwa wiki tatu. Katika wiki hizo nilipata siku za kutosha kuutembea mji huo kwa miguu, kisha nikavuka mpaka kwa basi kuingia Hispania, hadi Sevilla na kumalizia Córdoba. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kuleta uzi wa picha na bei za vyumba. Nilichotaka kusimulia ni kitu kimoja nilichokikuta Lisbon, na jinsi kilivyobadilisha namna nilivyoitazama miji yote niliyopita baadaye.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yapo katika mtaa wa Rua das Janelas Verdes, juu kidogo ya bandari, na hufungwa Jumatatu, kwa hiyo anayekwenda asipange siku hiyo. Nilipanda ghorofani nikapita vyumba vya fedha na vya kauri bila kusimama sana, kwa kuwa nilijua ninachokitafuta. Nilikuwa nimekisoma vitabuni, nimekitaja darasani mara nyingi, lakini sikuwahi kukiona hata katika picha nzuri. Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu, na Wareno huiita Custódia de Belém.

Kimo chake ni kama sentimita 73. Nilikuwa nimekifikiria kikubwa zaidi, pengine kwa sababu kilikuwa kikubwa katika masomo yangu. Kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono waliofinyangwa kwa dhahabu na kupakwa rangi za enameli, kila konokono mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Juu ya kitako kuna shingo yenye tufe sita za pete, yaani mifano ya anga iliyoundwa kwa pete, ambazo zilikuwa alama ya Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno. Juu ya hapo mitume kumi na wawili wamepiga magoti katika duara, na ukiinama ukawatazama kwa utulivu unaona kwamba sonara hakurudia uso hata mmoja. Kazi hii inahusishwa na sonara Gil Vicente.

Lakini mimi nilikuwa nimeinama kutafuta maandishi. Yanazunguka ukingo wa kitako, kwa Kireno cha kale, na maana yake ni kwamba Mfalme Manuel, mtukufu na mwenye nguvu, aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506. Jina la mji wetu limo humo, kwa tahajia ya Wareno wa wakati ule, na linasomeka bila taabu yoyote. Nilizunguka kabati lile mara tatu nikilisoma. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alinisogelea akidhani nimepotea, na kwa Kireno changu cha maneno matano nilimwonyesha jina lile, kisha nikajinyooshea kidole kifuani. Alielewa. Akasogea nyuma hatua mbili akaniacha.

Kwa wasioifahamu habari yenyewe, niiseme kwa ufupi. Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa akiwa na meli nyingi zenye mizinga, akamtaka Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, aukubali ukuu wa mfalme wa Ureno na kulipa ushuru kila mwaka, la sivyo mji utateketezwa. Ushuru wa kwanza ulikuwa mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha kale cha uzito), na Vasco da Gama aliufikisha Lisbon mwaka 1503. Malipo hayakuendelea, na Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na kikosi chake akauteka mji na kuupora. Kwa hiyo mwaka sonara alipoimaliza kazi yake Lisbon, mji uliotoa ile dhahabu ulikuwa tayari umeporwa.

Siku iliyofuata nilikwenda Belém kwenyewe, kitongoji cha Lisbon, kwenye monasteri ya Jerónimos, ambako mfalme aliacha wasia chombo hicho kipelekwe. Jengo hilo lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama zake ilitokana na asilimia tano ya mapato ya biashara ya Afrika na ya Mashariki. Ni jengo zuri mno, na sitaki kulipunguzia uzuri wake kwa sababu ya uchungu wangu. Nguzo za kanisa ni nyembamba kama minazi na zinatawanyika juu kama makuti, na mawe ya ua wa ndani yamechongwa kamba, matumbawe na majani mpaka unasahau kwamba ni mawe. Karibu na mlango wa kanisa, upande mmoja, amelala Vasco da Gama katika kaburi la mawe, mikono imekutana kifuani kama anaomba dua. Watu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilisimama pale muda mrefu nikijaribu kupata neno la kumwambia, nikalikosa.

Nitaendelea nikipata nafasi. Maswali yanakaribishwa.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mwalimu, asalaam alaykum. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Sisi huku tumekulia chini ya kuta za Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na tumezoea kuiona kama kitu chetu. Marehemu babu yangu alikuwa akisema kwamba Wareno walikwenda wakatuachia maneno. Kanisa kwao ni igreja, nasi tukapata gereza, na kwa kweli ile ngome ilikuja kuwa gereza hasa kuanzia 1895 hadi 1958. Naomba kuuliza: ulipokuwa huko, uliyasikia maneno yetu? Na je, mbali na hayo makumbusho na makaburi ya wakubwa, mji wenyewe unazungumza vipi juu ya watu weusi waliopitia pale?

Mleta uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Mombasa. Maneno niliyasikia tangu siku ya kwanza, na yalinipa furaha ambayo sikuitarajia. Mhudumu wa mgahawa alituonyesha mesa ya kukaa. Juu ya ngome ya mji ilipepea bandeira. Mzee mmoja kwenye tramu alijifuta jasho kwa lenço, na wastaafu waliokaa bustanini walikuwa wanacheza cartas. Mdogo wangu anasema kwamba mwezi wake wa kwanza alikuwa akiyakusanya maneno hayo katika daftari kama mtu anayeokota simbi ufukweni. Kuna na mengine ambayo wao na sisi tuliyachukua kwa Waarabu kila mtu kwa njia yake, kama açúcar yao na sukari yetu. Hata Mreno Mkatoliki akitamani jambo litokee husema oxalá, neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa inshallah yetu.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Ipo hesabu ya wakazi wa Lisbon ya mwaka 1551 ambayo inataja karibu watumwa 10,000 katika mji wa watu 100,000 hivi, kwa hiyo mtu mmoja kati ya kila kumi uliyepishana naye barabarani alikuwa mali ya mwenzake. Nilikwenda kwenye mtaa wenye jina la Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa shimo la watu weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, ndiye yule yule wa monstransi, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo na kunuka. Leo ni mtaa wa kawaida wenye mteremko, na tramu inapita. Kuna maduka ya kahawa, kuna watoto wanaotoka shule. Jina limebaki kwenye kigae ukutani. Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa anafungua duka kama anajua maana ya jina hilo. Alijibu kwamba analijua, akaongeza kwamba wageni wengi hawaulizi.

Mahali pengine ni uwanja mdogo wa São Domingos, karibu na Rossio. Aprili 1506 umati ulianzia hapo kuwaua Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, na mauaji yakaendelea kwa siku tatu. Kumbukumbu yao imewekwa uwanjani mwaka 2008. Tazameni tarehe: ni mwaka ule ule ulioandikwa kwenye dhahabu ya Kilwa. Kanisa lenyewe liliungua ndani mwaka 1959, na walipolirudishia paa waliamua kuziacha nguzo zilivyo, zimebanduka na kupasuka kwa moto, nyeusi huku na nyekundu kule. Nje ya mlango wa kanisa hilo ndipo Waafrika wa Lisbon hukutana, hasa watu wa Guinea-Bissau. Kina mama wamekaa kwenye viti vidogo wakiuza mafuta ya mawese, kola na pilipili, wanaume wanasimama vikundi vikundi wakipeana habari za nyumbani. Nilikaa nao jioni mbili. Sikuelewa lugha yao, lakini nilielewa namna walivyosalimiana, kwamba hakuna aliyeanza biashara kabla hajauliza hali ya watoto.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mwalimu, nakushukuru kwa maelezo, lakini naona umekuwa mpole mno. Dhahabu ilichukuliwa kwa kutishiwa mizinga, imeandikwa jina la mahali ilikochukuliwa, na hata mwaka upo. Ushahidi gani mwingine unahitajika? Nchi nyingine za Ulaya zimeanza kurudisha sanamu za shaba za ufalme wa kale wa Benin kwa Nigeria. Mimi nasema chombo hicho kirudi Kilwa, na watalii wa Lisbon wapande ndege waje kukiona huku.

Mchangiaji kutoka Unguja

Naomba niongeze jambo dogo kwa heshima ya aliyetangulia. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Kilwa ilikuwa dalali na bandari. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala katika Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuimiliki njia ya Sofala. Kwa hiyo tukianza kudai, lazima tujiulize pia habari ya yule mchimbaji wa bara, ambaye huenda hakupata hata shanga chache kwa jasho lake. Silisemi hili kuwatetea Wareno. Nalisema kwa sababu historia ya dhahabu hiyo ni ndefu kuliko safari moja ya meli.

Mleta uzi

Ndugu zangu wawili, nyote mmesema maneno ambayo niliyabeba kichwani muda wote nilipokuwa huko.

Kwa ndugu wa Dar es Salaam: mimi si mpole katika jambo hili. Naamini kwamba kilichotolewa kwa vitisho hakigeuki kuwa zawadi kwa sababu kimefinyangwa vizuri. Ningependa wanafunzi wangu wakione chombo hicho kabla sijastaafu, hata kama ni kwa kuazimwa mwaka mmoja, na ningependa Serikali yetu iliombe jambo hilo kwa sauti. Lakini kwa ukweli wa nafsi yangu, nilipokuwa mbele ya kabati lile nilijiuliza tungekiweka wapi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo niliishuhudia, na mafundi wa vijiji vyetu walioifanya wanastahili sifa. Hata hivyo mawimbi bado yanakula ukingo wa kisiwa, na nimewahi kumkuta mbuzi amelala ndani ya kasri.

Kwa ndugu wa Unguja: nakubali kabisa. Nimeanza kulifundisha somo hili kuanzia bara, kwa mchimbaji, badala ya kulianzia kwenye meli.

Niseme na jambo la magofu, kwa kuwa hapo ndipo Lisbon ilinifundisha. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji. Likafuata wimbi la bahari, kisha moto wa siku kadhaa. Kasri la mfalme lililokuwa ukingoni mwa mto Tagus lilipotea, na pamoja nalo nyumba iliyosimamia biashara ya Mashariki. Waziri aliyeujenga mji upya, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, aliamuru sehemu ya chini ipangwe kwa mitaa iliyonyooka, na nyumba zijengwe juu ya fremu ya mbao iliyofungamana ndani ya kuta kama tundu la ndege, ili ziweze kuyumba bila kuanguka. Mitaa ilipewa majina ya kazi: mtaa wa masonara, mtaa wa fedha, mtaa wa mafundi viatu. Ukitembea hapo leo unaona mji ambao watu walikaa chini wakaufikiri.

Juu ya kilima, kanisa la Carmo waliliacha bila paa. Matao yake yamebaki yamesimama kama mbavu za jahazi lililopandishwa pwani, na mvua inanyesha ndani. Nilipoingia nilihisi nimerudi Kilwa. Tofauti ni kwamba chini ya matao yale majani yamekatwa, kila jiwe lililoanguka lina kibao chake, na chumba cha nyuma ni makumbusho ambayo mtoto wa shule anaweza kuyasoma. Hawakulijenga upya wala hawakulitelekeza. Gofu lao wanalifanyia kazi kila siku, na sisi tunaweza kuifanya kazi hiyo kwa majembe na mafundi tulio nao.

Hata njia za kupita watu, zilizotandazwa vijiwe vyeupe na vyeusi, wanazitunza kwa mkono. Nilimkuta fundi mmoja amekaa juu ya kigoda kifupi, ameweka kijiwe cheupe cha chokaa kwenye kiganja cha kushoto, anakigonga kwa nyundo mara mbili au tatu hadi kinapata pembe anazozitaka, kisha anakipachika mchangani kando ya kile cheusi. Nilimtazama kwa nusu saa. Alimaliza eneo lisilozidi upana wa mkeka mmoja.

Mchangiaji anayeishi Lisbon

Shikamoo Mwalimu. Mimi nipo hapa mwaka wa tisa na nafanya kazi ya usafi katika nyumba za kupangisha wageni. Yote uliyoyasema ni kweli, lakini wageni wangejua pia kwamba miji hii mizuri inawaelemea wenyeji. Alfama, ule mtaa wa vichochoro ambao jina lake limetokana na Kiarabu, nilipofika ulikuwa umejaa bibi vizee waliochungulia madirishani na kuanika nguo. Sasa nyumba nyingi ninazosafisha ni za kulaza watalii siku mbili au tatu, na bibi wale wamehamia kwa watoto wao nje ya mji. Nikifungua dirisha asubuhi kutandika kitanda, nasikia magurudumu ya masanduku tu. Kuhusu tramu namba 28, mwenye kuipanda aishike pochi yake mbele.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu, na Mungu akupe nguvu katika kazi yako. Nililiona hilo ulilolisema. Nilihesabu vikasha vya funguo vilivyofungwa milangoni katika kichochoro kimoja nikafika kumi na vinne, na katika kichochoro hicho hicho nilikutana na mkazi mmoja tu, mzee aliyekuwa anamlisha paka.

Mchangiaji kijana

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Naomba utueleze habari ya viza, na pia Hispania ulikuonaje.

Mleta uzi

Marahaba. Viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Unahitaji bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, barua ya mwenyeji au uthibitisho wa malazi, taarifa za benki na ushahidi kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani. Mimi miaka minne kabla niliomba kwenda nchi nyingine ya Ulaya nikanyimwa kwa karatasi yenye alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi. Nilikuwa na ajira ya Serikali, mke na watoto watatu. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma nikikumbuka kwamba Vasco da Gama hakuombwa barua ya mwenyeji alipokuja kwetu.

Sevilla nilikaa siku moja na nusu, kwa hiyo sitasema mengi. Mnara wa kanisa kuu, Giralda, ulikuwa mnara wa msikiti uliokamilika mwaka 1198, na ndani hauna ngazi za kupanda hadi juu. Una miteremko 35 mipana, iliyojengwa hivyo ili mtu aweze kupanda juu ya mnyama kwenda kuadhini. Nilipanda kwa miguu na magoti yangu yalishukuru.

Córdoba ndiko nilikoachwa bila maneno. Kutoka Sevilla ni kama dakika 45 kwa treni ya kasi. Msikiti Mkuu ulianzishwa na mtawala wa Kiislamu, Abd al-Rahman wa Kwanza, katika miaka ya 780, ukapanuliwa na warithi wake kwa karne mbili, na tangu mji ulipotekwa na Mfalme Fernando wa Tatu mwaka 1236 umekuwa kanisa. Asubuhi niliyokwenda, kuingia kulikuwa bure kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu, kabla vikundi vya watalii havijafika, na humo ndani tulikuwa labda watu ishirini.

Nguzo zilizobaki ni 856. Nyingi ziliokotwa kwenye majengo ya kale ya Warumi na Wavisigothi, kwa hiyo si za rangi moja, wala vichwa vyake havifanani, na zaidi ya yote zilikuwa fupi mno kwa jumba la ukubwa ule. Mafundi walikata shauri la kujenga tao juu ya tao, kila tao likipishanisha matofali mekundu na mawe meupe, ili paa liinuke na hewa ipite. Uzuri ambao watu wanausafiria kutoka pande zote za dunia ulitokana na upungufu wa vifaa. Hilo lilinigusa kwa sababu hata mafundi wa Kilwa waliukabili upungufu wao kwa akili. Hawakuwa na marumaru, wakakata matumbawe chini ya maji yakiwa bado laini, wakayachonga kabla hayajakauka, wakachoma chokaa wakainua kuba ambazo baadhi yake zimesimama hadi leo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu ujenzi wake, miaka kama ishirini baadaye alifika pia Granada, mji mwingine wa Hispania, ambayo wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa Waislamu. Macho yale yale yaliiona miji yote miwili, na hakuona haya kuisifu ya kwetu.

Katikati ya nguzo zile, kuanzia mwaka 1523, waliinua kanisa refu lililoupasua msikiti. Unatembea ndani ya kivuli cha matao ya chini, ghafla dari linapaa juu na mwanga unakupiga usoni. Kila mtu ana hisia zake mahali pale. Mimi niliona majirani wawili waliolazimishwa kulala chumba kimoja.

Mchangiaji kutoka Lamu

Mwalimu, Mungu akulipe. Mimi ni mwanamke wa Lamu na nimelelewa katika madrasa ya babu yangu. Naomba uniambie habari ya mihirabu, na kama uliweza kuswali humo hata rakaa mbili.

Mleta uzi

Dada yangu, mihirabu ipo na imehifadhiwa vizuri. Iliwekwa na al-Hakam wa Pili katika miaka ya 960, na mozaiki zake za dhahabu zilitengenezwa kwa msaada wa fundi na vifaa vilivyotoka kwa mfalme wa Bizanti. Nayo si kijishimo ukutani kama tulivyozoea. Ni chumba kidogo cha pembe nane ambacho dari lake limechongwa mfano wa kombe la bahari. Kuna uzio wa chuma mbele yake, kwa hiyo unaiona ukiwa umbali wa hatua kadhaa. Kuswali hairuhusiwi. Walinzi wanatazama, na mtu akionekana kunyanyua mikono anaombwa aache. Nilisimama kimya, nikasoma moyoni nilichoweza, nikaondoka.

Nimalizie na habari ya darasani, kwa kuwa wengi mmeniuliza faraghani kama nilirudi na kitu. Nilirudi na picha tano za monstransi. Mdogo wangu alinisaidia kuzichapisha kwenye karatasi kubwa, pamoja na maandishi ya kitako, na chini yake tukaandika tafsiri ya Kiswahili. Nilizibandika ukutani Jumatatu ya kwanza ya muhula bila kusema lolote, nikawaacha Kidato cha Pili wazisome wenyewe. Walisogea kwa makundi. Kulikuwa na kelele walipolitambua jina la Kilwa, na mmoja akakimbia kuwaita wenzake wa darasa la jirani.

Kisha binti mmoja, ambaye baba yake ni nahodha wa mashua inayovusha watu kwenda Kisiwani, alibaki mbele ya ukuta wenzake walipokwisha kukaa. Alikuwa anafuatisha maandishi kwa kidole, neno kwa neno. Akageuka akaniuliza: "Mwalimu, jina la mfalme aliyepokea lipo, na jina la mji lipo. Jina la Amiri Ibrahim mbona hawakuliandika?"

Nilimpa kalamu. Aliliandika kwa mkono wake kwenye ile karatasi, chini ya tafsiri, na bado lipo.